Laini Ina Maana Moja Tu

Idara ya Usimamizi wa Maana inawatangazia wananchi wote kuwa neno "laini" sasa lina maana moja tu: watu waliosimama wakifuatana, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Maana nyingine zote zimefutwa.

Mimi ndiye Katibu wa Idara, na nathibitisha kuwa uamuzi huo ulikuwa wa busara. Neno tulilipokea kwa Waingereza, ambao wenyewe hawajui walitumie kwa lipi: mstari wa daftari ni hilo, waya wa simu ni hilo, njia ya reli ni hilo, hata maneno ya mwigizaji jukwaani ni hilo. Lilipofika kwetu likakuta laini nyingine, ya nguo na mashavu, zikaanza kuishi pamoja bila kibali. Mkurugenzi wetu aliuita huo uzururaji wa maana.

Utekelezaji ulianza vizuri. Wauza simu walitii. Sasa wanauza "kipande cha kuipa simu namba". Aliyekaidi ni Mama Mikate, mwoka mikate wa nyuma ya ofisi yetu. Alikamatwa akinadi, "Laini! Laini ya moto!" Akaletwa mbele ya Mkurugenzi na mkate wake kama kielelezo, unga ukiwa bado viwikoni.

"Mama, mkate huu umesimama ukifuatana na nani?"

"Baba, mkate haujasimama. Umelala tu."

"Basi si laini."

"Hebu ubonyeze."

Mkurugenzi akaubonyeza. Ukabonyea.

"Huu," akasema kwa ukali, "ni mkate usio na upinzani."

"Sasa nikinadi hivyo barabarani, baba yangu, si nitakamatwa na idara nyingine?"

Mkurugenzi akaamuru duka lifungwe jioni ya siku hiyo hiyo.

"Na wanangu watakula nini?" mama akauliza.

"Mkate. Ilimradi wasiusifu."

Habari zikaenea. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejipanga mlangoni kwake kuwahi mikate ya mwisho.

Hapo simu ya Mkurugenzi ikalia, nikaipokea. Alikuwa msaidizi wa Waziri. "Waziri anataka kumpa Mkurugenzi unaibu waziri. Mwambie akae kwenye laini, Waziri anakuja."

Nilifikisha agizo neno kwa neno. Mkurugenzi alitazama simu, akatazama dirishani wale waliojipanga.

"Sheria ni msumeno," akasema. Akavaa koti, akashuka ngazi, akaenda kujipanga.

"Mzee, wa mwisho ni mimi," dada mmoja akamwonya. "Usije ukachomekea."

Huku juu, Waziri akaja kwenye simu. "Mkurugenzi yuko wapi?"

"Yuko kwenye laini, mheshimiwa."

"Mbona simsikii?"

"Ana watu wengi mbele yake."

"Wote hao wanataka unaibu waziri?"

"Hapana, mheshimiwa. Wanataka mkate."

Waziri alipumua kama tairi lililopata msumari. "Mwambie asikanyage tena ofisini. Abaki huko huko!"

Nikateremka mbio. Mkurugenzi alikuwa amesogea hatua mbili, uso unang'aa.

"Waziri amesema usirudi ofisini," nikamwambia. "Ubaki hapa hapa."

Akafuta jasho, akanishika mkono kwa furaha. "Katibu, unaona? Nimethibitishwa!"

"Mzee," dada akasema, "sogea basi."