Ombi la Kufukia Kidimbwi na Kuchora Samaki Wanane

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Kupitia kwa Mtunza Stoo.

KUH: SAMAKI WATATU WASIOONEKANA

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea heshima zangu. Nimenawa mikono mara mbili kabla ya kushika kalamu, lakini karatasi hii ikikunukia tope, niwie radhi. Ndiyo harufu ya dawati langu siku hizi.

Mimi ni yule karani wa majaribio wa chumba namba sita, niliyekabidhiwa kidimbwi kilicho mbele ya mapokezi, pamoja na chemchemi yake na samaki wanane. Jumatatu nilipewa barua inayonitaka nieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, walikokwenda samaki watatu. Nikishindwa, sitathibitishwa kazini. Mama yangu ameshawatangazia majirani kwamba nimethibitishwa, kwa hiyo utaona jambo lenyewe lilivyo zito.

Kwa unyenyekevu naomba kulalamika kama ifuatavyo:

1. Kidimbwi kiliandikwa kwenye daftari la mali kama samani, kwa sababu ukurasa wa samani ndio uliobaki na nafasi. Tangu siku hiyo mtunza bustani amekatazwa kukigusa, kwa kuwa yeye si fundi wa samani. Mimi, ninayefuta meza, nikaonekana nafaa. Kila Ijumaa nafuta vumbi kwenye mawe kama utaratibu unavyosema. Maji nayo nimejaribu kuyafuta. Hayafutiki.

2. Maji yamegeuka kijani. Nilitoa taarifa. Kikao kilikaa asubuhi nzima, kikaamua kuta za mapokezi zipakwe rangi ya kijani ili kidimbwi kisionekane cha ajabu. Rangi ni nzuri. Lakini maji yamezidi kukoza, na sasa kuta zimeachwa nyuma.

3. Majani yameziba pampu. Chemchemi iliyokuwa ikiruka kimo cha mtu ikawa inakohoa tu, mpaka ikazimwa. Niliomba wavu wa kukinga majani. Ombi lina miezi minne. Nimeulizwa wavu huo ni wa kiti gani.

4. Maji yaliposimama, yakazaa mbu. Mama wa mapokezi huwakaribisha wageni huku akijichapa mashavuni, na mgeni mmoja, akidhani ndiyo salamu ya ofisi, akajichapa naye. Tangazo limebandikwa kuwataka watumishi wavae mikono mirefu. Mbu hawakupewa nakala.

5. Vyura wamewafuata mbu. Huimba wakati wa vikao, na kumbukumbu za kikao kilichopita zinaonyesha hoja iliyoungwa mkono na mjumbe asiyetambulika. Mtunza Stoo hunitania mbele za watu kwamba wageni wangu wananiita. Nami, kwa adabu, huenda kuwatazama.

6. Sasa samaki. Nawahesabu kila asubuhi kwa fimbo ndefu, nikiyakoroga maji ili wajitokeze. Wiki ya kwanza walikuwa wanane. Kadiri ninavyokazana kuhesabu, ndivyo wanavyopungua. Jana niliona watano na mkia. Namshuku korongo anayesimama juu ya paa, ila hajawahi kusaini kitabu cha wageni, kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu zetu hajafika hapa hata siku moja.

Ndugu Mkurugenzi, nimelifikiria sana jambo hili. Nimeona tatizo si mwani, wala mbu, wala korongo. Tatizo ni maji. Naomba basi kidimbwi kifukiwe kwa saruji, juu yake ipakwe rangi ya buluu, na wachorwe samaki wanane, kila mmoja na namba yake. Maji ya rangi hayazai mbu. Samaki wa rangi hawaliwi, na ukiwahesabu leo na mwakani, ni wanane. Zaidi ya yote, hiyo nitaweza kuifuta vumbi.

Nisalimie katibu wako, dereva wako, na yule mzee wa chai anayenipa pole kila akipita bila kuuliza ya nini.

Ni mimi, mtii wako mwenye hofu,
Karani wa majaribio, chumba namba sita.

N.B. Mtunza bustani amenikuta natia sahihi, akaniuliza nina nini, nikamweleza. Akavua viatu, akaingia majini bila kibali, akachomoa konzi mbili za majani kwenye pampu, akaiwasha, na chemchemi ikaruka. Kisha akaniamuru niweke fimbo chini na nitulie dakika kumi. Wametoka chini ya mawe wote wanane, na nyuma yao vifaranga kama punje za mchele. Nilifika thelathini na moja nikapoteza hesabu. "Mwanangu," akasema, "hawa hawajaibwa na mtu. Walikuwa wanakukimbia wewe."

Kwa hiyo nafuta ombi langu lote. Ila nakala ya barua hii ilishatangulia kwa Mtunza Stoo, kama utaratibu unavyotaka, na lori la saruji limefika. Wavu miezi minne. Saruji dakika arobaini. Ukiuona mwandiko umelowa, ni kwa kuwa nimeketi ndani ya kidimbwi. Dereva wa lori anasema hawezi kummwagia mtu saruji bila barua yako. Tafadhali sana, usimwandikie.