Bia ya Kitabu Katika Vibuyu Vyangu

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kifurushi kimefika kutoka Nairobi. Ni cha Isaiah wangu, mtoto wa kwanza Boito nzima kusomea bia mpaka akavalishwa koti jeupe. Ndani: mfuko wa kimea cha shayiri, hamira kidogo, maua makavu, karatasi ya maelezo. Barua inasema Mama usifungue, nitakuja likizo nipike mwenyewe. Mtoto ananihurumia. Hataki nichoke.

Lakini nafasi ya kungoja iko wapi? Baba Caren wa Kimulot ametuma neno. Tarehe kumi na saba tukienda kumposea Isaiah huyo Caren, tusibebe matumaini mengi. Hawezi kumpa binti yake mtu ambaye kazi yake ni pombe. Pombe! Kama hizi za kichakani. Nitampelekea hiyo bia aone mwenyewe kwamba ni masomo. Isaiah hatakosa mke mimi nikiwa na mikono miwili.

Maua nimeyatia kwenye glasi ya maji, mezani. Maskini, yalikauka njiani.

Jumanne, 6 Agosti

Nimesoma karatasi mara tatu. Ni kizungu cha hesabu. Mimi nilifika darasa la saba, na la saba la siku zile lilikuwa kama chuo kikuu cha sasa, lakini hii imenishinda kidogo. Inataka digrii sitini na saba, saa nzima. Nikaazima kipimajoto cha nesi. Kinaishia arobaini na mbili. Nesi anasema mtu akipita hapo ni wa kuzikwa. Sasa bia ina homa gani? Nikapima na kiwiko, kama maji ya kuogesha mtoto. Nimelea sita, hakuna aliyeungua.

Maji ya kwanza yalitoka matamu, mekundu, mazito. Nikampa ng'ombe. Maji ya kwanza ya maharagwe humwagwa, kila mama anajua. Nikatia mengine. Hayo yakatoka meupe, safi. Ng'ombe ananifuata mpaka mlango wa jikoni. Sijui anataka nini.

Halafu karatasi ikasema tia maua, ndiyo yanayoleta uchungu. Kumbe ni ya kupika! Nikakimbia mezani. Mume wangu Alexander alikuwa ameyatupa, ati yananuka. Nikaingia shambani nikachuma chai, majani mawili na chipukizi, kama ya kupeleka kituo cha kuuzia chai. Uchungu ni uchungu.

Jirani yangu Nyambeki alipita. Huyo ni Mkisii, na busaa, pombe ya nafaka, ameijua tangu kwa nyanya yake. Akachungulia sufuria, akauliza kama naosha nguo. Nikamwambia hii si busaa, mama, hii ni ya kitabu. Akasema basi kitabu ndicho kitainywa. Wivu. Mwanawe anaendesha trekta tu.

Jumatano, 7 Agosti

Karatasi inasema chombo kiwe safi kabisa. Haijui inaongea na nani. Nilitoa vibuyu vyangu vitatu vya mursik, maziwa ya kugandisha, vile maziwa yake husifiwa mpaka Roret. Nikachoma kijiti cha mti wa senetwet, nikasugua makaa ndani mpaka vikawa vyeusi tititi. Nani ana chombo safi kuliko hicho? Nikamimina, nikatia hamira, nikaziba mdomo hewa isipite. Viko chini ya kitanda. Alexander ni mzee wa kanisa, kwa hiyo anajua ni maziwa ya kupeleka Kimulot.

Jumapili, 11 Agosti

Maombi yalikuwa kwetu leo. Katikati ya sala ya Alexander, kibuyu kimoja kikapasuka. Waumini wote wakalala sakafuni. Nikasema ni paka. Nyambeki akasema paka huyo lazima ni wa jeshi.

Sielewi. Maziwa hayajawahi kunifanyia hivi. Hivyo viwili nimevifunga zaidi, kwa kamba za mpira.

Jumanne, 13 Agosti

Kimebaki kimoja.

Ijumaa, 16 Agosti

Isaiah amefika. Amekonda, lakini anapendeza. Akauliza kifurushi kiko wapi. Nikamletea kikombe. Akaonja, akakaa chini. Akauliza hivi vitu vyeusi ni nini. Nikamwambia ni usafi. Akauliza kama barua ilifika. Akanisihi, kwa sauti ya chini kabisa, niache kibuyu nyumbani, Caren ndiye mtu pekee anayemtaka duniani. Nikamwambia sawa, mwanangu.

Jumamosi, 17 Agosti

Nilikibeba. Nilikificha ndani ya kitenge.

Baba Caren alianza vibaya. Akasema yeye mwenyewe alikunywa miaka ishirini, akauza ng'ombe, akaacha, na hataki binti yake aolewe na mwanzo wa hadithi hiyo. Caren alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Nikaona posa inaponyoka. Nikasimama, nikammiminia, nikasema mzee, hii hapa kazi ya kijana wetu, hukumu mwenyewe. Alexander alifumba macho kama anayeomba.

Ilitoka ya kijivu. Baba Caren akapiga funda moja. Akatoka nje. Tukamsikia akitema, halafu akitema tena. Akarudi na machozi, akamuuliza Isaiah kama ni yeye aliyepika. Isaiah akaniangalia. Akasema ndiyo, mzee, ni mimi.

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema alikuwa ameogopa bure. Mtu wa pombe haswa hawezi kupika kitu kama hiki hata kwa kulazimishwa, na nyumba iliyomlea haijawahi kuona mlevi. Akamwita Caren alete chai haraka, ulimi wake unaumia, na akasema mchukueni, amekuwa wenu.

Isaiah hajaongea na mimi njiani. Furaha imemzidi.

Jumapili, 18 Agosti

Nyambeki amekuja kuulizia. Nimemweleza yote: mzee alionja mara moja tu, akalia machozi, akatoa binti papo hapo.

Harusi ni Desemba. Alexander ameandika soda kwenye orodha, nikaifuta. Kesho naenda Roret kuulizia mapipa mawili. Isaiah nitamwambia yakishajaa.