Muhuri wa Wenye Vitabu

Marcelino wa Makambako alikuwa Njombe akinywa chai ya kuondolea baridi, ndipo aliposikia mtu akiungama meza ya jirani. Aliyeungama ni Lenard, mwalimu wa fizikia. Kitabu chake kililowa mvua, akapakua nakala mtandaoni bila kulipa.

"Nilikinunua kwa hela yangu," alimwambia mwenzake. "Lakini moyo hautulii. Nimeiba au sijaiba?"

Marcelino akasogeza kiti. Kwake yeye, mtu mwenye dhamiri inayowasha alikuwa parachichi lililokwisha kuiva.

"Samahani, mwalimu. Mimi ni wakala wa uhalalishaji wa nakala," alisema, cheo alichokipata hapo hapo. "Ukinionyesha kitabu cha karatasi, nakugongea muhuri. Faili linakuwa mali yako, mbele ya sheria na mbele za Mungu."

"Na asiye na karatasi?"

"Huyo ni mwizi, mwalimu. Tusimung'unye maneno."

Wiki hiyo hiyo alikuwa na meza nje ya duka la fotokopi, muhuri mpya na foleni ya walimu, makarani na katekista mmoja aliyekumbatia vitabu vya nyimbo. Asiye na faili aliuziwa na Marcelino mwenyewe, kutoka kwenye flashi yenye mamia ya vitabu ambavyo hakuwahi kununua hata kimoja. Hilo hakuna aliyemuuliza.

Siku ya soko akaja Mama Bertila, mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya mji. Aliweka mezani kitabu chembamba cha ufugaji wa sungura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Faili la hiki unalo?"

"Ninalo, mama," alijibu Marcelino kabla ya kutazama, kama alivyomjibu kila mteja.

"Na karatasi yako iko wapi?"

"Yangu?"

"Asiye na karatasi si ulisema ni mwizi?" Akageuza kitabu. Nyuma kulikuwa na picha yake, enzi nywele zikiwa nyeusi. "Hiki nimekiandika mimi. Nilikichapisha kwa kiinua mgongo changu."

Marcelino akasema atanunua nakala moja, yaishe.

"Umewauzia wangapi?" Mama Bertila akaigeukia foleni. "Nani ameuziwa sungura wangu?"

Lenard alinyoosha mkono. Katekista akafuata, baada ya kusitasita kidogo. Ikanyooshwa mikono thelathini na minane.

"Nakala thelathini na nane, basi," alisema Mama Bertila kwa upole. "Au twende kituoni, si mbali."

Mapato ya wiki nzima yakaondoka. Maboksi yaliyokaa miaka tisa chini ya kitanda cha mama huyo yakapakiwa kwenye basi la Makambako.

"Mama, na mimi na fizikia yangu?" Lenard aliuliza pembeni.

"Ulikinunua, mwandishi akapata chake. Kasome. Ila usimgawie mwenzako."

Nyumbani Makambako, Marcelino alichomeka flashi kwenye kompyuta. Akalitafuta faili la sungura mara tatu. Halikuwemo. Alishika simu apige Njombe, kisha akafikiria atakavyojieleza: kwamba kati ya vitabu vyote alivyoiba, hicho kimoja amesingiziwa. Akaiweka simu chini, akafungua boksi la kwanza, akaanza kusoma.