Matone ya Kumhamisha Emmanuel

Kwa Msimamizi,
Maabara ya Seli, Eldoret.

Bwana Msimamizi,

Pokea salamu kutoka Moi's Bridge. Mimi ni Mzee Wabuge, babake Linah, yule msichana anayelisha seli zenu. Ninaandika kwa heshima, lakini nimekasirika.

1. Linah alitueleza mezani kwamba mnazidondoshea seli vichocheo vya ukuaji. Tone likifika, protini za kwenye utando, ambazo ni kama mabawabu langoni, hulipokea na kupeleka habari ndani. Hapo kiunzi cha seli, yaani nguzo na kamba zake za protini, hubomolewa na kujengwa upya upande wa mbele. Seli hujinyoosha, huachilia sakafu, huondoka. Kitu kisicho hata na miguu!

2. Mwanangu Emmanuel ana miguu miwili na digrii. Kwetu, kijana akishatahiriwa hujijengea simba, kibanda chake uani, asilale tena chini ya paa la mamake. Nguzo nilimkatia mwenyewe. Mchwa wamezimaliza. Yeye yuko kwenye kochi langu, na nikimuuliza husema, "Mzee, si unipee time kidogo."

3. Vichocheo vya nyumbani nimejaribu: ugali, maombi, mjomba wake wa Kimumu. Mabawabu wake wamelala fofofo.

4. Je, ni haki kodi ya sisi wakulima wa mahindi ihamishe seli ambazo hata ukoo wao haujulikani, huku mtoto wa mlipa kodi akibaki alipo? Naomba chupa moja. Kijiko kimoja kwenye chai kitatosha; lakini ni mtu mzima, labda viwili. Ikishindikana, mchukueni mumweke kwenye kisahani chenu cha kufugia seli. Linah anasema kuna joto, na chakula hubadilishwa bila kuombwa. Hataona tofauti.

Nisalimie wafanyakazi wote, na seli pia, hasa zile zilizokwisha kuhama.

Wako mwenye subira iliyobaki kidogo,
Wabuge

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Emmanuel ameingia na begi. Amepata kazi ya ualimu Timboroa, anahama Jumamosi. Mamake analia jikoni. Mimi macho yananiwasha, nasema ni moshi, ingawa tunapikia gesi. Bwana Msimamizi, matone usitume. Linah aliwahi kutaja dawa nyingine, ile ya kuwaziba mabawabu masikio ili seli ibaki pale pale. Tafadhali nitumie hiyo, ifike kabla ya Jumamosi.