Waya wa Yubilei

Jumatatu, 5 Julai 2004

Namshukuru Mungu. Kompyuta mbili ziko ndani! Na printa juu. Nimezipata mnadani, za ule mradi uliofunga ofisi. Zina rangi ya meno ya mvuta tumbaku, lakini zinawaka. Moja na printa nimeziweka sebuleni. Ya pili chumbani, nipate utulivu.

Jumamosi mimi na Hilaria tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nimemwahidi vijitabu vya Misa, majina yetu kwenye jalada, vitoke ndani ya nyumba hii. Amefurahi mno. Amesema dada zake wa Mwimbi kila mmoja ataondoka na chake.

Shemeji Modesti, mdogo wa Hilaria, mwenye duka la fotokopi sokoni, akapita. Akauliza kwa nini nisiibebe printa hadi chumbani, si hatua kumi tu? Nikamwambia huo ni ushamba. Hapa tunaweka mtandao: nabonyeza chumbani, karatasi inatoka sebuleni. Alicheka hadi akakohoa.

Jumanne, 6 Julai

Kumbe mtandao unataka waya na kisanduku cha kuunganishia. Zenon, aliyekuwa mlinzi wa mradi, aliachiwa vyote viwili. Hataki hela. Mke wake anataka cherehani. Sisi tunayo, ya Hilaria, imevunjika mkono tangu Pasaka ya mwaka juzi, inalala uvunguni. Nilimwahidi kuitengeneza. Nimetafakari sana. Kitu kisichofanya kazi kina tofauti gani na kisichokuwepo?

Jioni cherehani imeondoka kwa baiskeli, ndani ya gunia la maharage. Ee Bwana, ulinde mdomo wa Zenon.

Jumatano, 7 Julai

Nimepitisha waya darini. Nimeshuka na buibui masikioni. Ndani ya waya kuna nyuzi nane za rangi, na hakuna aliyeniambia zinapangwaje. Nikatumia akili. Upande wa chumbani nimetanguliza kijani, rangi ya Kanisa karibu mwaka mzima. Upande wa sebuleni bluu, kwa heshima ya Mama Maria.

Jaribio. Unatakiwa uandike chochote. Mimi chochote siwezi, naandika kilicho moyoni. Nikaandika: Ee Yesu mwema, Hilaria asijue kwamba cherehani yake nimempa Zenon. Amina.

Nikabonyeza. Kimya. Maandiko yanasema bisheni nanyi mtafunguliwa. Nikatwaa rozari, nikabonyeza punje kwa punje, mara hamsini na tatu. Printa haikupiga hata chafya. Nimefuta maandishi, nimezima. Ushahidi hakuna.

Alhamisi, 8 Julai

Baridi kali. Hilaria ameifunika printa kwa kitambaa chake cha kufuma, kile cha tausi. Nyumba nzima imevaa vitambaa, na kila Jumatatu anavikusanya na kuvifua, haachi kimoja.

Ameuliza cherehani iko wapi, akunje pindo la gauni la Jumamosi, hata kwa kuzungusha gurudumu kwa kiganja. Nikasema iko kwa fundi. Akanishika bega, akasema kumbe hukusahau, Baba Yonas. Nikajimegea ugali mwingine wa ulezi.

Kijitabu kimekamilika chumbani. Nimebonyeza nakala arobaini. Kimya kilekile. Modesti ametuma neno: shemeji, nipe disketi tu, saa moja nimemaliza. Nimerudisha neno: disketi ni za wanyonge.

Ijumaa, 9 Julai

Aibu yangu!

Jumuiya ilikuja kusali kwetu jioni. Dada za Mwimbi walikuwepo, na kapu la samaki, migebuka ya ziwani kutoka Wampembe. Hilaria akauliza vijitabu, mbele ya watu wote. Uso wake ukaanza kushuka. Ndipo Modesti akainuka, akatazama ncha za waya, akauliza nani kazipanga hivi, paroko? Akatoa koleo, akakata, akabana upya, ncha zote mbili zikafanana.

Printa ikaguna. Vigelegele! Nikafumba macho kushukuru. Nilipofumbua, Mama Otilia, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa ameshika karatasi ya kwanza akiisoma kwa sauti ya kusomea waraka wa askofu. Ee Yesu mwema, Hilaria asijue... Alipofika Amina, jumuiya nzima ikaitikia Amina, kwa mazoea.

Kisha ikatoka ya pili. Ya tatu. Modesti, machozi ya kicheko yakimtoka, akaeleza kwamba kila unachobonyeza hukaa foleni kikisubiri njia. Rozari nzima! Dada za Mwimbi walisema hawatatoka mikono mitupu, wakagawana. Wino ukaisha kwenye jalada la kijitabu cha kwanza. Jina langu limetoka. La Hilaria halikutoka.

Hilaria alikunja karatasi moja, akaitia ndani ya kanga, akaenda jikoni.

Jumamosi, 10 Julai

Alfajiri Modesti alibisha hodi, akachukua disketi. Saa tatu vijitabu arobaini vilikuwa kanisani. Vizuri, inauma kusema.

Hilaria alivaa gauni lenye pindo la pini. Padri akamuuliza kama anarudia ahadi yake kwangu. Akanigeukia mimi kwanza. Akaninong'oneza: cherehani itarudi? Nikasema itarudi. Ndipo akamjibu padri kwa sauti ya kufika Kalambo: ndiyo, nataka.

Nililia. Pini ilinichoma wakati wa kukumbatiana. Nilistahili.

Jumapili, 11 Julai

Mungu mkubwa! Zenon ameirudisha cherehani, na mkono umeshatengenezwa. Nakala ya ile sala ilimfikia mkewe, amesema hawezi kushonea kitu kilichoombewa hivyo. Hilaria ameshona mchana kutwa akiimba. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, bila mtandao cherehani ingebaki mbovu.

Zenon ana waya mwingine, mita mia. Unafika hadi kigangoni! Katekista abonyeze kule, matangazo yatoke kwangu. Mkewe sasa anataka pasi ya mkaa. Ya Hilaria ipo tu, haitumii sana.

Safari hii nimekuwa mwerevu, siandiki neno kwenye kompyuta. Naandika humu daftarini tu. Na daftari nimelipatia maficho: juu ya printa, chini ya kitambaa cha tausi. Pale hakuna anayegusa. Nalala kwa amani, kesho Jumatatu namwona Zenon.