Ukaguzi wa Safu ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Hali ni mbaya. Idara ya Viwanja vya Ndege ya jiji letu inasimamia viwanja viwili: ule mkubwa wa abiria, na huu wetu mdogo wa ndege za watu binafsi. Mabanda ni ya jiji, sisi ni wapangaji. Kanuni (nimezisoma zote, hata viambatisho) zinasema banda ni la ndege inayoruka au inayotengenezwa. Si stoo.

Ndege ya Babu Eusebio haijaruka tangu Bibi afariki. Injini imelala juu ya meza, imefunikwa shuka. Kando yake kuna sofa. Babu hushinda hapo kutwa, kwa sababu nyumbani kuna kiti cha Bibi.

Jirani yetu, Bwana Pruitt, analitaka banda letu kwa ajili ya mwanawe. Leo kamuuliza Babu kama hilo jogoo lake, yaani ndege, litawika kabla ya kiama. Na yeye je? Bandani mwake mna boti! Huku jangwani!

Nitamshtaki kabla hajatushtaki.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya shule nimepiga simu ya malalamiko ya idara. Mama aliyepokea alikuwa mpole, nikazidi kuogopa. Nikasema kuna boti kwenye safu ya pili ya mabanda. Akauliza ni ya nani. Nikaona haya kumtaja mtu mzima kwa jina. Nikakata.

Hata hivyo, ushindi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Tangazo limebandikwa kwenye kila mlango wa safu ya pili. Kwa kuwa mlalamikaji hakutaja banda, yote yatakaguliwa Jumamosi. Na sisi tuko safu ya pili.

Pruitt ameshaivuta boti yake kwa gari, huku akipiga mluzi. Kisha akaja kwetu. "Nikusaidie kubeba hilo sofa, mzee mwenzangu? Gari lina nafasi."

Nikajibu kwa niaba ya Babu kwamba hatuna sofa. Babu alikuwa amelikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimelifunika sofa kwa turubai. Nimejipaka oili mikononi. Mkaguzi, Bi. Quintana, akauliza kile ni nini. Vipuri, nikasema. Akavikalia. Vikabonyea.

Hakunicheka. Alimgeukia Babu. "Mzee wangu, niambie ukweli. Hii itaruka lini?"

Babu akavua kofia. "Sijui, binti. Kila nikishika spana mkono unakataa. Nilizoea mtu wa kunishikia tochi."

Hata mimi sikuwa na mpango.

Bi. Quintana akasema, taratibu, kwamba kanuni hazina kifungu cha msiba. Zina cha matengenezo tu. Akirudi mwezi ujao akaona kazi inaendelea, banda ni letu. La sivyo atapewa anayefuata kwenye foleni.

Jumapili, 9 Machi

Pruitt kaja na winchi ya boti. Nikamnong'oneza Babu kwamba ni hila. Babu akaniambia nishike tochi.

Wameinyanyua injini pamoja, wakitukanana kwa raha. "Kaza, mzee! Hiyo ni nati, si kifungo cha shati!" Babu akamwambia anyamaze, nahodha wa mchangani. Halafu akala chakula chote nilichombebea, na pilipili zake. Hajala hivyo tangu mazishi.

Ila nimezirudia kanuni. Ndege ikishapona, lazima iruke. Na kwa macho ya Babu yalivyofifia, daktari wa marubani hatampitisha kurusha. Kumbe siku tutakayomaliza ndiyo siku tutakayofukuzwa!

Jumatano, 12 Machi

Mpango mpya, na safari hii hauna kasoro. Babu anakaza nati. Akienda kunawa mikono, mimi nazilegeza. Idara inataka matengenezo? Itayapata mpaka nami nizeeke.

Leo amerudi akaigusa nati aliyokwisha kuikaza. Ikazunguka kwa kidole. Akaitazama mikono yake kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Pruitt, kwa sauti ndogo, kwamba huenda uzee umeshamfika, na huenda ni haki banda wapewe wengine. Pruitt akamrudishia spana mkononi.

Maskini Babu, anahofia bure. Kesho nitalegeza nyingi zaidi, aone jinsi kazi bado ipo.