Dawa ya Kijerumani ya Tope la Zuzu

Dodoma wako watu wanaokula kwa jembe, wako wanaokula kwa kalamu, na yuko Eliakimu, aliyekula kwa mdomo. Mdomo na gari. Gari lake lilikuwa jeupe, vioo vyeusi, na ndilo lililokuwa ofisi yake, suti yake na cheti chake cha chuo kikuu. Tapeli wa miguu hasikilizwi na mtu.

Siku hiyo alikuwa anakunywa supu ya mbuzi karibu na stesheni, akamsikia bwana mmoja mnene wa meza ya pili akilalamika kwenye simu.

"Tope halikauki! Mwezi mzima bado linatikisika kama uji. Magari ya kunyonya vyoo yamepanga foleni getini, sina pa kuyamwagia. Mvua ikianza, lote linateremka kwenye bustani za akina mama, na mimi kazi sina!"

Eliakimu akaweka bakuli chini.

"Shikamoo, Injinia," akasema, ingawa walikuwa rika moja. Shikamoo ya bure nani anaikataa? "Tope lako lina ugonjwa. Dawa ninayo. Ya Ujerumani."

Bwana huyo, Ambokile, alikuwa msimamizi wa mabwawa ya majitaka ya mtaa mmoja mpya, upande wa Zuzu. Hakuwa mtu wa kukubali hovyo. Aliuliza swali moja: "Na changu mimi kiko wapi humo ndani?" Wakaelewana hapohapo.

Sasa dawa itoke wapi? Eliakimu akaenda soko la Majengo kutafuta unga wowote wa bei rahisi. Akamkuta bibi mmoja, Penina, na gunia la unga wa kijani.

"Nini hiki, bibi?"

"Mlenda mkavu, mwanangu. Tia kidogo tu kwenye maji, unavutika mpaka mlangoni."

Akanunua debe. Nyumbani akauchanganya na buluu ya kufulia, akatia na karafuu maiti iue harufu, akaufunga kwenye mifuko iliyoandikwa TROKENOLINI 500. Hizo mia tano za nini, hata yeye hakujua, lakini ziliipa dawa heshima.

Kesho yake akafika mabwawani na ndoo yake. Ndoo ilikuwa na tundu chini, limezibwa kwa kitambaa. Maji yangetoroka polepole mchangani, watu waseme dawa imeyafukuza. Kumbe pale yuko mama mmoja, Hana, mwenye kazi ya kuparua tope kwenye vitanda vya mchanga, pale linapomwagwa ili maji yachujike.

"Ndoo yako inavuja, mwanangu," akasema. "Chukua yangu."

Eliakimu akaing'ang'ania yake bure. Hana akachota tope, akachukua unga kwa vidole, akautia mdomoni, akautafuna kidogo na kutema. Uliobaki akautia kwenye ndoo, akaupekecha kwa kijiti katikati ya viganja, taratibu, kama anayepika.

Tope likaanza kujikusanya. Likashikana mabonge mabonge, likakaa chini, na juu yake maji yakabaki meupe. Walipolimwaga kitandani, maji yakazama mchangani mara moja.

"Mungu wangu!" akasema Ambokile.

"Mungu wangu," akasema Eliakimu, naye alimaanisha zaidi.

Akadai malipo yote mbele, ndiyo desturi yake. Ambokile akampa bahasha nene, kisha akanyoosha mkono.

"Ufunguo wa gari. Magunia kumi yakifika kabla ya Jumamosi, unaondoka nalo. Yasipofika, gari ni letu."

Eliakimu alicheka moyoni. Mlenda umejaa Majengo! Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anauza kitu cha kweli, na akashangaa jinsi usingizi ulivyokuja mapema.

Asubuhi akapita soko zima. "Umeisha," wakasema huku. "Umeisha jana," wakasema kule. Akamfikia Penina.

"Hata wa kula sina, mwanangu."

"Na gunia hilo ulilokalia?"

"Hiki ni kiti. Muulize Hana. Tuko naye kikundi kimoja."

Hana alikuwa nyuma ya kibanda, ameegemea magunia kumi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mlenda wetu tunauanika juu ya mwamba. Vumbi la mwamba linabaki kwenye unga, meno yanalisikia. Ujerumani nako wanaanika mwambani?"

Eliakimu akatazama viatu vyake. "Bei gani, mama?"

"Bahasha aliyokupa Injinia. Yote."

"Unaniua!"

"Nikuue kwa nini? Tope likishuka, bustani ya kwanza kuzama ni yangu. Kwa hiyo mlenda utaupata. Ila bei ni ya Kijerumani."

Eliakimu akaingiza mkono mfukoni. Akatoa bahasha. Magunia akayasukuma mwenyewe kwa mkokoteni mpaka mabwawani, akina mama wakimhimiza kwa vigelegele. Ambokile akampa ufunguo, kisha akamnong'oneza: "Na changu?" Hakukuwa na kingine. Akapewa tairi la akiba.

Mvua ya kwanza ilipopiga, tope lilikuwa limekauka, linakatwa kwa sepetu kama mkate, limeshahamishiwa ghalani. Mchicha wa Hana ulioga maji safi.

Eliakimu alikuwa njiani kwenda kutafuta wajinga wa mbali. Pale Kibaigwa, kando ya malori ya mahindi, gurudumu likapasuka. Alipofungua buti, akakumbuka. Akakaa juu ya jiwe. Dada mmoja mwenye beseni kichwani akamsogelea.

"Karibu dawa, kaka. Trokenolini, inakausha tope lolote. Ya Ujerumani."

Mfuko ulikuwa uleule, na mia tano zake.

"Ujerumani sehemu gani?"

"Ndani ndani huko, kaka. Gari halifiki."

Eliakimu akachovya kidole, akatia ulimini. Kwenye jino, kichanga kikalia.

"Hii siyo feki," akasema, na akanunua miwili.